Photomath na GeoGebra, kwa mwenye mtoto wa form two au three

Jamani kama una mdogo wako anahangaika na hesabu muwekee Photomath, app ya simu ya kutatua hesabu, mimi naikubali sana. Anapiga picha swali, hata la kuandika kwa mkono, afu inamshusha hatua moja moja. Mfano x² − 5x + 6 = 0, haimtupii tu jibu 2 na 3, inamwonyesha -5x inavunjwa kuwa -2x na -3x, halafu vinatoka mabano mawili (x − 2)(x − 3), na kila hatua ukiigusa inafunguka maelezo zaidi. Hiyo ndo inayonifurahisha maana NECTA, baraza la mitihani, wanataka kazi yote ionekane, jibu peke yake halikubebi. Hatua za kawaida ni bure, kuna Plus ya kulipia ila kwa form two sioni haja.

Sasa jiometri ni kitu kingine, pale GeoGebra, app ya kuchora maumbo, ndo yenyewe na ni bure. Mtoto anachora duara, anaweka pembe ya katikati na pembe ya kwenye mzingo zinazotazama tao moja, anaisogeza ile nukta kwenye mzingo na anaona kwa macho yake pembe haibadiliki, ni nusu ya ile ya katikati kila saa. Ubaoni mchoro umesimama tu, huwezi kuuvuta.

Ila mzazi simamia, ajaribu kwenye daftari kwanza ndo apige picha, akikopi tu hatajua kitu, na chumba cha mtihani simu haiingii.