Vifaa vya kusikia: kimoja hakinitoshi
Kwa miezi minne nilivaa kifaa cha kusaidia kusikia katika sikio la kushoto pekee, na tukiwa wawili sikuwa na lalamiko. Lakini mezani siku ya Idi, mjomba na shemeji walipozungumza kwa pamoja, sauti zao zilikorogeka kama uji. Nilipoongeza cha pili, mjomba alirudi kulia kwangu na shemeji kushoto, kwa kuwa ubongo hulinganisha wakati na nguvu ya sauti inayofikia kila sikio. Mwanasayansi Mwingereza Colin Cherry, aliyechunguza mwaka 1953 jinsi tunavyofuata sauti moja kati ya nyingi, aliona pia kwamba tofauti ya sauti ya mwanamume na ya mwanamke hutambulika hata kwa asiyefuatilia maneno. Labda ndiyo maana wanangu, wenye sauti pacha, wakikaa upande mmoja bado nawachanganya. Bei ni kali, ila sikirudishi dukani.