Rimu za zamani za kiwandani kwenye breki za diski: zinaingia au zinagoma?

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Mezani nina rimu mbili za chuma, zote za inchi 14, zote za Ford Mustang ya katikati ya miaka ya sitini. Zilaze hivi, zivalishe vifuniko vyake, hata mzoefu anaweza kuzichanganya. Lakini moja inakaa mbele ya gari hili bila taabu, nyingine inagoma kabisa. Na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: rimu za zamani zinapendeza, bei yake inavutia, je, nichukue?

Gari lenyewe ni la 1965, V8, na mbele lina breki za diski. Wakati ule diski kwenye Mustang zilikuwa kitu cha kuagiza kwa kuongeza hela: kalipa, yaani vibano vinavyoishika diski gari lisimame, za Kelsey-Hayes zenye pistoni nne. Mengine yalitoka na dramu, yaani breki za ngoma, pande zote, ndiyo maana rimu nyingi za zamani unazokutana nazo zilitengenezwa kwa dramu. Muuzaji atakwambia, "Inchi 14, nati tano, hiyo inaingia." Nati tano kweli. Duara la nati, yaani lile linalopita katikati ya matundu yote, ni inchi 4.5, yaani milimita 114.3, nalo liko sawa. Ukiletewa yenye matundu manne, hiyo ni ya injini ya silinda sita, mrudishie mwenyewe. Ila kwa hizi mbili, shida haiko kwenye matundu.

Nazigeuza. Kamera isogee hapa, kwenye bamba la katikati. Hii ya dramu, bamba halijatoka sana nje. Hii ya diski limebinuka kwenda nje kwanza, ndipo likarudi kwenye matundu ya nati. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mchezo mzima.

Dramu ni duara. Inakaa ndani ya rimu kama sufuria ndani ya sufuria, nafasi ni ile ile kila upande. Kalipa haiko hivyo. Imeshika diski sehemu moja tu, na pale ilipo imejitokeza juu kuelekea kwenye pipa la rimu, yaani ukuta wake wa duara, na imejitokeza nje kuelekea kwenye bamba. Na hii ya pistoni nne ni mbaya zaidi kwa sababu mbili kati ya pistoni zake ziko upande wa nje, kwa hiyo tumbo lake linasukuma kuelekea kwenye rimu. Kuanzia 1968 Ford walihamia kalipa ya pistoni moja, ile inayoteleza. Pistoni iko ndani, upande wa nje unabaki mwembamba. Ukiwa na hiyo, una nafasi nzuri zaidi ya kuvaa rimu za zamani. Lakini pima tu, usiniamini mimi.

Tunapimaje? Nachukua udongo laini wa kuchezea watoto, nabandika vipande viwili kwenye kalipa: kimoja juu kabisa, kimoja kwenye tumbo la nje. Gari liko juu ya stendi, si jeki peke yake, tafadhali. Naweka rimu bila tairi, nakaza nati kwa mkono mpaka rimu ikae sawa kwenye habu, kitovu kinachobeba gurudumu, kisha nazungusha taratibu. Hii ya diski... inazunguka. Naitoa. Udongo umebaki mnene hivi, zaidi ya milimita 3 kote. Mimi chini ya milimita 3 sikubali, kwa sababu chuma hupata joto, rimu hujikunja kidogo kwenye kona, na beringi zina uchezaji wake.

Sasa ya dramu. Nati zinaanza kushika... na hapo imesimama. Sikiliza. Huo mlio ni chuma kwa chuma. Naitoa: udongo wa juu mzima, wa kwenye tumbo la nje umebanwa mpaka rangi ya kalipa inaonekana.

Hilo la wapi panagusa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Panapogusa bamba, spesa, yaani kipande bapa kinachowekwa kati ya habu na rimu, inaweza kusaidia. Panapogusa pipa kwa juu, spesa haisaidii kitu, kwa sababu unasogeza rimu nje na duara linabaki dogo vile vile. Na spesa nayo ina gharama yake: inakula uzi wa bolti. Bolti za gari hili ni nusu inchi, nyuzi 20 kwa inchi, nami nataka nati ishike angalau urefu sawa na unene wa bolti, yaani mizunguko 10 kamili. Ikipungua, weka bolti ndefu au achana na spesa. Kusaga kalipa ili rimu ipite? Hapana. Hilo sijadili.

Viwanda vyenyewe havikulazimisha. Porsche walipoweka diski kwenye 356 C mwaka 1963, waliacha rimu zao zenye duara la nati la milimita 205 wakaja na za 130. Volkswagen nao, Beetle 1500 yenye diski mbele ilikuja na matundu manne badala ya matano. Waliotengeneza gari walibadilisha rimu, sisi tunang'ang'ania ya zamani.

Kuhusu hali ya rimu hizi: ile ya diski ni nzima. Matundu ya nati bado ni duara, viti vyake, pale nati inapokalia, havijalika, sioni ufa kati ya matundu ya hewa. Kitu kimoja sikukipenda: aliyeipaka rangi amepaka nene mpaka kwenye viti vya nati. Rangi hiyo itabonyea na nati zitalegea. Ikwangue, kisha kaza upya baada ya kilomita kama mia. Na mpe maelekezo fundi wa balansi asibandike vyuma ndani ya pipa upande wa kalipa. Vitang'olewa siku ya kwanza.

Kwa hiyo, ya diski nunua, hata kwa kuongeza kidogo. Ya dramu usiitupe: nyuma ya gari hili bado kuna dramu, na huko inakaa vizuri.

Na hapo fungua buti uangalie tairi la akiba. Magari mengi yaliyobadilishwa breki bado yamebeba rimu ya dramu humo. Tairi la mbele likipasuka usiku, utakuta la akiba haliingii. Kama nyuma umevalisha rimu ya diski, toa la nyuma ulipeleke mbele, la akiba uliweke nyuma. Ni jeki mara mbili, lakini utafika.