Redio ya betri kwa mpenzi wa zilipendwa, Tabora

Redio niliyonunua sokoni hapa Tabora inakula betri mbili kubwa na bado ina AM, yaani masafa ya kati. Mchana hupati kitu cha maana. Jua likizama, tabaka la chini la anga ya juu, linalomeza mawimbi, linafifia, stesheni za mbali zinaanza kuingia. Igeuze redio yenyewe taratibu mpaka sauti ikaze, na zima taa za LED, zinakwaruza sana. Saksafoni na sauti za waimbaji zinatoka safi. Matoazi ndiyo yanapotea, maana njia za AM zimebanana, kila moja kilohezi 9 tu.

Muuzaji aliniuliza, "Mzee, stesheni ya zilipendwa tupu italipa huko AM?" Kwa matangazo peke yake sidhani. Mtambo unataka mnara mrefu na umeme mwingi, na simu za vijana zinashika FM tu. Ila huu ni mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz! Wasikilizaji tupo, na tuna hela ya kununua vitenge na mbolea. Wenye maduka wachangie kipindi cha zilipendwa cha urefu wa saa mbili usiku kwenye stesheni iliyopo, hapo naona biashara.

Redio inunue, ila ijaribu dukani kwanza. Vitufe vya baadhi vimelegea.