Nafasi za Kutengwa au Alama Pekee?

Jirani yangu wa Likoni, Mombasa, huvuka feri alfajiri, vyeti amevifunga kwenye mfuko wa nailoni visilowe, akitafuta kazi upande wa kisiwani. Kazi na nafasi za masomo zitolewe kwa alama pekee, au nyingine zitengewe makundi yaliyobaguliwa? Kwake swali hili ni la unga wa jioni.

Njia ya alama pekee ina uwazi wake: aliyefaulu zaidi achukuliwe, na hakuna atakayeambiwa amebebwa. Lakini alama hazisemi nani alisoma kwa koroboi na nani aliletewa mwalimu nyumbani.

Njia ya kutenga nafasi imo kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, kwa ajili ya waliobaguliwa zamani. Asilimia 30 ya zabuni za serikali nayo ni ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Naiunga mkono, ila ina kidonda, tusikifunike. Fundi maskini wa Changamwe mwenye miaka 45, asiye katika kundi lolote, hufungiwa mlango kwa kosa ambalo hakulitenda. Uchungu wake ni wa haki. Wakati huohuo binti wa tajiri wa Nyali hupita kwa jina la kundi.

Marekani, Mahakama ya Juu ilizuia vyuo kuchagua wanafunzi kwa rangi mwaka 2023, lakini mwombaji bado anaweza kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Hapo ndipo ningeanzia. Nafasi ziendelee kutengwa, ila fomu iulize pia mtaa, shule na kipato cha mzazi. Jirani yangu ana mengi ya kujaza hapo.