Uzoefu wangu na fundi wa Arusha aliyechoma bodi kabla ya kuipima

Jana usiku mashine ya gemu ya baba mdogo imewaka, picha ikasimama safi, na badala ya kushangilia nikajikuta hasira zimerudi upya. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutibiwa kwa raba ya penseli na spiriti. Raba ya penseli! Na mimi nilishalipa shilingi elfu arobaini Arusha, nikapanda kosta mara nne kwenda na kurudi, nikarudishiwa bodi ya mashine ina kidonda ambacho haikuondoka nacho Moshi. Kwa hiyo leo naandika.

Mashine yenyewe ni ile ya kusimama, ya kutumbukiza sarafu, Street Fighter II ya Capcom ya mwaka 1991. Baba mdogo alikuwa nayo kwenye kibanda chake Majengo miaka ya 1990, na mtoto yeyote wa pale mtaani aliyetumwa sokoni Mbuyuni akachelewa kurudi, mama yake alijua pa kumfuata. Mimi nilikuwa nakaa juu ya kreti la soda napokea hela na kuamua ugomvi. Kibanda kilipofungwa mashine ilihamia stoo, baadaye ikaja kwangu, na miaka yote hiyo ukiichomeka inawaka. Mpaka mwaka huu, sijui ilikuwa kabla au baada ya Pasaka, ikaanza kujizima na kujiwasha. Picha inatokea, safi kabisa, kama sekunde kumi hivi, halafu giza, halafu inaanza mwanzo. Nikairekodi kwa simu. Hiyo video iwekeni akilini.

Nina duka la steshenari. Fotokopi yangu naifungua mwenyewe, mita ya kupimia umeme ninayo, kulehemu waya najua. Lakini bodi hii niliiogopa. Ni bodi tatu zimepandana kama ghorofa, aisi, zile chipu zenye miguu, zimejaa huku na huku, na mwenyewe yuko hai, yuko Kibosho, kila nikipanda kumsalimia lazima aulize, "Mama, ule mtambo wangu mzima?" Nikasema isije ikafia mikononi mwangu, nitafute mtaalamu.

Niseme haki kwanza. Hao jamaa wa Arusha niliowaendea, ambao sitawataja jina wala mtaa, wanasifika kwa kutengeneza simu. Simu ya mdogo wangu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji waliifufua, na hawakumlalia bei. Kwa hiyo nilikwenda kwa imani. Nikaifunga bodi kwenye kitenge cha pamba, nikaiweka ndani ya boksi pamoja na pawa saplai na nyaya zake zote, nikaipakata mapajani kilomita 80 kutoka Moshi hadi Arusha. Skrini niliiacha nyumbani, ni kioo kizito cha zamani, huwezi kuingia nacho kwenye kosta. Na hilo nalo liwekeni akilini.

Fundi mkuu hakuniambia hata karibu. Nikaanza kumweleza inavyojizima, akanikatiza katikati ya sentensi: "Dada, hizi si takataka za zamani hizi? Mwambie shemeji akununulie PlayStation." Watu waliokuwa wanasubiri simu zao wakacheka. Nikameza mate. Nikamwambia, kaka, naomba jambo moja tu, kabla hujagusa chochote pima kwanza umeme unaofika kwenye bodi, maana hata fotokopi huwa naanzia hapo. Akainua uso, akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Sasa fundi ni wewe au ni mimi?"

Nikanyamaza. Ningebeba boksi langu dakika ile ile nikaondoka, haya yote yasingetokea. Lakini nilikuwa nimetoka Moshi, nikaona aibu kurudi na mzigo.

Siku kadhaa zikapita, akapiga. "Mama, imekufa. Nimeiwasha haitoi picha, aisi zimeungua. Njoo uchukue, ufunguzi ni elfu arobaini."

Sasa nisikilizeni vizuri. Haitoi picha, yeye ameionea wapi? Mashine hizi hazitoi picha ya kuingia kwenye televisheni ya kawaida. Nyekundu, kijani na buluu zinatoka kila moja na waya wake, kwa masafa ya kilohezi 15, na skrini inayozipokea iko sebuleni kwangu Moshi. Pale dukani hakuna kioo hata kimoja kinachoweza kuionyesha bila kifaa maalumu katikati. Nilipofika nikamuuliza hivyo hivyo, tena kwa upole: kaka, uliiona kwa kutumia nini? Akasema, "Tuna utaalamu wetu." Akanyoosha mkono apokee hela. Nikalipa, kwa sababu bodi ilikuwa upande wake wa kaunta.

Nikiwa naondoka, kijana wake mmoja, chalii mdogo tu wa kama miaka kumi na tisa, akanifuata mpaka barabarani akijifanya anakwenda kununua vocha. "Anti, samahani sana. Hakuiwasha hata mara moja. Siku ile ile ulivyoondoka aliipiga bloa, ule upepo wa moto, akitaka kung'oa aisi moja, ikagoma, akaiacha. Imekaa kibarazani siku zote."

Kibarazani. Juani!

Hapa ndipo roho inaponiuma kuliko kwenye hela. Ndani ya bodi hii kuna aisi zenye kidirisha cha kioo mgongoni, zile zinazotunza programu ya gemu. Kidirisha kile kimewekwa ili aisi iweze kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno ikiandikwa upya, ndiyo maana hufunikwa kwa kibandiko. Ukikiacha wazi, jua la moja kwa moja linaweza kufuta kila kitu kwa muda wa kama wiki moja. Vibandiko vya kiwandani vilishachakaa zamani, na baba mdogo akavibadilisha kwa plasta nyeupe ya kidonda, akaandika kwa kalamu ya wino namba ya kila aisi ili asichanganye soketi, na kwenye ile ya kwanza akaongeza maneno mawili kwa herufi kubwa: JUA HAPANA. Hakusomea elektroniki. Alielekezwa na mtu aliyemuuzia mashine, akashika, akaandika, akaitii plasta yake miaka yote hiyo. Na fundi wa watu, mwenye duka la vioo na feni, akazibandua zote asome kilichoandikwa chini yake, akazitupa, kisha akaianika bodi juani.

Nilifungua boksi ndani ya kosta. Lilikuwa boksi la biskuti, silo langu. Kitenge hakipo. Zile nguzo ndogo za plastiki zinazotenganisha bodi na bodi, mbili hazipo, kwa hiyo ghorofa zilikuwa zinakwaruzana kila tukipita tuta. Nikatia viganja vyangu katikati kuzitenganisha. Kutoka pale mpaka Boma Ng'ombe sikumjibu hata kondakta.

Wiki kadhaa sikuigusa. Nikawa nasoma usiku, kuna watu Uingereza na Japani wanaotengeneza bodi hizi kila siku, na wote wanaanza na neno lile lile nililomwambia yeye: pima umeme, tena upime kwenye bodi yenyewe, usipimie kwenye pawa saplai. Aisi za aina hii zinataka volti 5, na zinavumilia kutoka 4.75 mpaka 5.25. Jumamosi moja nikafunga duka mapema, nikatafuta vipande vya plastiki vya kushikilia bodi, nikaunganisha kila kitu, nikaweka mita. Kwenye pawa saplai: 5.02. Nikahamisha ncha za mita kwenye bodi: 4.58.

Nilikaa chini. Karibu nusu volti inapotea njiani, na njia yenyewe haifiki hata mita moja.

Iko hivi. Bodi inaingia kwenye kiunganishi kirefu cha pini 56, ishirini na nane juu na ishirini na nane chini, ule mpangilio wa Kijapani unaoitwa JAMMA, uliokuja mwaka 1985 ili mwenye mashine abadilishe gemu bila kubadilisha nyaya. Umeme wote wa volti 5 unapita kwenye pini chache tu za pembeni. Pini hizo zikishika kutu au zikilegea, zinapata moto, moto unazidi kuzichafua, na umeme unaofika unazidi kupungua. Prosesa ikikosa umeme wa kutosha inapotea njia, na ndani ya bodi kuna saketi ya mlinzi ambayo kazi yake ni moja, ikiona prosesa imenyamaza inaiwasha upya. Ndiyo ile jizima jiwashe yangu. Nikachomoa kiunganishi, nikamulika kwa tochi ya simu. Pini nne nyeusi kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha. Mtoto wa darasa la tano angeziona.

Nikachukua raba, nikasugua vidole vya shaba vya bodi, vile vinavyoingia kwenye kiunganishi, taratibu mpaka vikang'aa, nikapitisha spiriti kwa mswaki mpya, nikazibana zile pini za kiunganishi kwa sindano zishike, na pini za volti 5 nikazilehemea waya mnene wa ziada. Nikapima: 4.97. Nikawasha. Dakika kumi. Nusu saa. Haikujizima tena.

Lakini Ryu, mpiganaji wa kwenye gemu, alikuwa na michirizi. Mistari wima ya rangi isiyo yake, mwili mzima, kwa umbali ule ule. Wenzake Ken na Chun-Li hivyo hivyo, ila mandhari nyuma yao haina kasoro. Hapo nikarudi kwenye video ya simu, ile ya kabla ya Arusha. Ryu msafi. Nikaisimamisha, nikaikuza, nikaitazama mara kumi. Msafi. Michirizi ni zawadi ya bloa.

Nikachukua lenzi. Kando ya mguu mmoja wa aisi ya picha, kijani cha bodi kilikuwa kimevimba kama ngozi iliyoungua maji ya moto, na njia ya shaba, nyembamba kama uzi wa kushonea, imenyanyuka na kukatika. Mguu mmoja wa data ukikatika, kila nukta inayopitia mguu huo inapata rangi isiyo yake, ndiyo hiyo michirizi inayojirudia. Nikaweka mita kwenye mlio, inalia njia ikiwa nzima, nikagusa mguu mmoja mmoja nikitafuta unakopaswa kufika. Saa mbili. Ukimya, ukimya, ukimya, mpaka nikajua ni upi. Jana nikaiunga njia yake kwa waya mwembamba niliouchomoa kwenye kebo ya zamani ya printa, na Ryu akarudi kuwa Ryu. Vile vidirisha nimevifunika kwa plasta nyeupe. Namba nimeziandika upya. Maneno ya baba mdogo sikuyaandika, mwandiko si wangu.

Sasa hukumu. Mwanzoni nilipanga kusema: kwa simu nendeni, kwa bodi za zamani msiende. Hilo lilionekana la haki. Lakini kadiri ninavyoandika naona hapana. Mtu anayeweza kusema nimewasha wakati hakuwasha, atashindwaje kukwambia simu yako imeungua bodi wakati ni chaja tu? Hata simu msipeleke. Nafuta ile sifa niliyowapa juu.

Nikishasema hivyo, nakumbuka yule chalii. Baada ya wiki tatu hivi nilipigiwa na kondakta wa kosta nikapokee mzigo stendi. Bahasha ndogo, ndani nguzo mbili za plastiki na kitenge changu kimekunjwa. Mzigo ulikuwa umelipiwa tayari. Nilimpigia kumshukuru akaniambia tu, "Anti, nilizikuta chini ya meza nikifagia. Plasta sikuziona." Huyu nikisikia amefungua hata kimeza chake chini ya mwavuli, nitampelekea fotokopi, mashine, kila kitu. Ila mkimkuta bado yuko pale kwa bosi wake, basi, labda mwombeni yeye awapimie. Hapana, bosi hatamruhusu. Sijui. Kila nikifika hapa natamani kwenda Arusha nikasimame mbele ya ile kaunta na video yangu, na foleni ile ile ya watu ikiwapo.

Kilichobaki ni sauti. Spika inakoroma, ngumi zinasikika kama zinapigwa chini ya blanketi, na nadhani ni kapasita za upande wa sauti, zimeshavimba vichwa. Natafuta za 470 mikrofaradi, volti 25, mpya, zisizong'olewa kwenye redio. Mwenye kujua duka la kuaminika hapa Moshi, Double Road au hata Kiboriloni, aniambie. Baba mdogo anashuka mwisho wa mwezi kwa ajili ya kliniki, na nataka akiingia sebuleni aisikie kabla hajaiona.