Kwa Meli Ndogo Kutoka Portland Hadi Clarkston

Mwezi Septemba nilisafiri kwa meli ndogo, yenye abiria wasiofika mia moja, kutoka Portland, Oregon, hadi Clarkston, mji wa jimbo la Washington ulio mpakani na Idaho. Gharama yake si haba, lakini meli hupanda mabwawa manane ya Mto Columbia na Mto Snake, moja baada ya jingine, hadi kufika zaidi ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, na hilo pekee lilitosha kunivuta.

Bwawa la John Day ndilo lililonikaa moyoni. Tuliingia taratibu katika chumba cha zege cha kuinulia meli, chenye upana wa mita 26, lango zito la chuma likateremka nyuma yetu likichuruzika maji, na mabaharia wakafunga kamba kwenye vishikio vinavyoelea, ambavyo hupanda sambamba na meli. Maji yalijaa kutoka chini kwa uzito wake yenyewe, bila pampu, na ule ukuta wenye ukoga, niliokuwa nikiutazama kwa karibu kutoka sitahani, ukazama polepole hadi tukawa tumeinuliwa zaidi ya mita 30.

Chakula kilikuwa kizuri, hasa samaki aina ya samoni; chumba kilikuwa kidogo lakini safi.

Kasoro ni mbili, nami naziona kubwa. Kwanza, tulipita Bonneville, bwawa la kwanza la safari, usiku, kwa hiyo maporomoko ya Multnomah, yenye urefu wa mita 189, pamoja na misitu ya bonde lile, yalitupita tukiwa tumelala, na kulipokucha tulikuwa tayari tunakaribia vilima vikavu vya mashariki. Pili, mwongozaji alizungumza kwa saa nzima kuhusu msafara wa wapelelezi Wamarekani Lewis na Clark, waliopita hapa mwaka 1805, lakini maporomoko ya Celilo, ambako wenyeji walivua samoni kwa maelfu ya miaka hadi yalipofunikwa na maji ya bwawa la The Dalles tarehe 10 Machi 1957, aliyataja kwa sentensi moja tu, ilhali tulikuwa tunapita juu yake wakati huohuo.

Ningesafiri tena, ila kabla ya kulipa ningedai ratiba inayoonyesha saa ya kupita kila bwawa, na ningechagua safari inayopita Bonneville mchana.