Chaneli 34 ya Los Angeles: Tathmini ya Kituo cha KMEX

Saa kumi na mbili jioni, wakati magari yamejazana kwenye barabara kuu ya 405 na wafanyakazi wengi hawajafika majumbani, kituo cha KMEX huanza taarifa yake ya habari kwa Kihispania. Nilianza kuitazama chaneli hii nilipohamia Los Angeles, kwa sababu ndogo tu kwamba antena ya bei nafuu niliyoiweka dirishani iliinasa bila chenga, na kwa sababu nilikuwa nataka kujifunza lugha ya majirani zangu. Miaka sita imepita, Kihispania changu kimefika mahali pa kuridhisha, na nadhani sasa ninaweza kukitathmini kituo chenyewe. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji asisubiri: ndani ya Chaneli 34 mna vituo viwili. Kimoja kinatengenezwa hapa mjini na kinastahili alama za juu sana. Kingine ni bomba la kuleta vipindi kutoka Miami na Mexico, na hicho ni cha wastani.

Ili kuelewa jinsi vituo hivi viwili vilivyokuja kukaa katika nyumba moja, ni lazima turudi tarehe 30 Septemba 1962, siku KMEX ilipoingia hewani kwa mara ya kwanza. Namba 34 yenyewe inasimulia sehemu ya hadithi. Televisheni nyingi za wakati ule zilikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye namba 2 hadi 13 tu, yaani masafa ya VHF, na masafa hayo jijini Los Angeles yalikuwa yamekwisha kushikwa na vituo vikubwa vya Kiingereza. Chaneli 34 ilikuwa katika UHF, masafa ambayo wenye mitaji hawakuyataka kwa kuwa mtazamaji alilazimika kununua kifaa cha ziada cha kuyapokea. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka huohuo sheria ya kuwataka watengenezaji waweke UHF katika kila televisheni, lakini utekelezaji wake ulianza mwaka 1964. Kwa hiyo hadhira ya kwanza ya KMEX ilikuwa ya watu waliotoa fedha mfukoni, mara nyingi fedha za kibarua, ili wasikie lugha yao. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaokumbuka mwisho wa mwaka 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa na kila nyumba ikaanza kutafuta king'amuzi, wataelewa uzito wa gharama hiyo, isipokuwa kwamba hapa hakuna aliyelazimishwa.

KMEX haikuwa ya kwanza. Huko San Antonio, Texas, Raoul Cortez alikuwa ameanzisha KCOR-TV mwaka 1955, akatangaza kwa Kihispania kwa miaka kadhaa huku wafanyabiashara wakisita kuweka matangazo yao, hatimaye akakiuza kituo, nacho kikabadilishwa jina kuwa KWEX. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo Emilio Azcárraga Vidaurreta, tajiri wa utangazaji wa Mexico, pamoja na Mmarekani Rene Anselmo, na ni kundi hilohilo lililoianzisha KMEX. KWEX na KMEX vikawa nguzo za mtandao ulioitwa Spanish International Network. Biashara yake ilikuwa rahisi: vipindi vilivyokwisha kulipiwa na soko la Mexico vilirekodiwa kwenye kanda, kanda zikavushwa mpaka, na kila kituo kilipomaliza kuirusha kanda kiliituma kwa kituo kinachofuata. Mwaka 1976 mtandao huo ukaanza kusambaza vipindi vyake kwa setilaiti, ukiwa miongoni mwa mitandao ya kwanza nchini Marekani kufanya hivyo. Bomba nililolitaja hapo juu, kwa hiyo, ni msingi wa kituo tangu siku ya kwanza.

Upande wa pili, ule wa habari za mjini, ulipata sura yake mwaka 1970, na hauwezi kuelezwa bila Rubén Salazar. Alizaliwa Ciudad Juárez mwaka 1928, akakulia El Paso ng'ambo ya mpaka, na kufikia miaka ya 1960 alikuwa mwandishi wa Los Angeles Times aliyekwisha tumwa Saigon, Santo Domingo na Mexico City. Mwanzoni mwa mwaka 1970 aliacha kazi ya kudumu katika gazeti lile kubwa, akabakiza safu moja kwa wiki, na kuwa mkurugenzi wa habari wa KMEX. Wenzake wengi waliona anashuka cheo. Maelezo yake yalikuwa kwamba alitaka kuzungumza na watu ambao kwa miaka mingi alikuwa akiandika tu habari zao. Tofauti hiyo baina ya kuandika juu ya watu na kuzungumza nao ndiyo kipimo ninachokitumia hadi leo ninapokitazama kituo hiki, na ni kipimo ambacho vyombo vingi vya habari, vya Kiswahili vikiwamo, vingepata tabu kukivuka.

Tarehe 29 Agosti 1970, maelfu ya Wamarekani wenye asili ya Mexico waliandamana Los Angeles Mashariki kupinga vita vya Vietnam, ambako vijana wao walikuwa wakifa kwa idadi kubwa. Askari wa kaunti waliwatawanya kwa nguvu katika bustani ya Laguna. Salazar na wenzake wa KMEX walikuwa kazini. Baada ya saa kadhaa za ghasia waliingia katika baa ya Silver Dollar, kwenye barabara ya Whittier, kupumzika kidogo. Askari mmoja alifyatua bomu la machozi kupitia mlangoni, kombora lenyewe likampiga Salazar kichwani, naye akafa papo hapo akiwa na umri wa miaka 42. Uchunguzi wa chanzo cha kifo ulifanyika hadharani na kuonyeshwa kwenye televisheni, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Mwaka 1973 kaunti ililipa familia yake dola 700,000. Bustani ile leo ina jina lake, na mwaka 2008 idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Alikiongoza chumba cha habari cha KMEX kwa miezi tu, lakini kila mara kamera ya Chaneli 34 inaposimama upande wa waandamanaji badala ya nyuma ya mstari wa polisi, ninaona mkono wake.

Aliyekijenga kituo kama biashara alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Danny Villanueva alikuwa mpigaji wa mpira kwa mguu katika ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani, kwanza Los Angeles Rams kisha Dallas Cowboys, na alianza KMEX kama mtangazaji wa michezo kabla hajastaafu uwanjani. Baadaye akawa meneja wa kituo na mmoja wa wenye hisa. Chini yake KMEX ikawa pia shule ya watangazaji: María Elena Salinas aliingia mwaka 1981, Jorge Ramos akafuata miaka michache baadaye akiwa kijana aliyekuja kutoka Mexico kwa viza ya mwanafunzi, na wawili hao ndio waliokuja kusoma pamoja taarifa ya habari ya kitaifa ya mtandao kwa takriban miaka thelathini. Ni vituo vichache vya mjini, kwa lugha yoyote, vinavyoweza kujivunia mavuno kama hayo.

Historia ya umiliki ni ndefu na yenye vichekesho vyake. Sheria ya Marekani humzuia mgeni kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya leseni ya utangazaji, na mnamo Januari 1986 hakimu wa tume ya mawasiliano, FCC, aliamua kwamba kundi lililomiliki KMEX na vituo vyenzake lilikuwa chini ya udhibiti wa familia ya Azcárraga kupita kiasi, hivyo leseni zisihuishwe. Vituo vikauzwa. Makundi ya Walatino yaliyotamani kuvinunua yalishindwa, na mnunuzi akawa Hallmark, kampuni ya kadi za salamu ya Kansas City, kwa dola milioni 301.5. Mwaka 1987 mtandao ukapewa jina jipya, Univision. Mwaka 1992 Hallmark iliuza mtandao kwa dola milioni 550 kwa kundi lililoongozwa na Jerrold Perenchio, bilionea ambaye hakuzungumza Kihispania, akishirikiana na Televisa ya Mexico, kampuni ya familia ya Azcárraga, na Venevisión ya Venezuela. Mwaka 2007 wawekezaji wengine walilipa zaidi ya dola bilioni 12. Kisha mwaka 2022 biashara ya vipindi ya Televisa ikaungana na Univision kuwa kampuni moja, na familia ileile iliyotolewa mlangoni mwaka 1986 ikawa imerudi sebuleni, safari hii kwa idhini ya FCC.

Sasa tuje kwenye kile anachokiona mtazamaji. Sehemu kubwa ya siku si ya Los Angeles. Kipindi cha asubuhi, vipindi vya umbea wa wasanii na taarifa ya habari ya kitaifa hutoka Miami. Tamthilia za usiku hutoka Mexico. Wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam waliokuwa na televisheni mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanazijua tamthilia hizi vizuri, ingawa walizipata zimeingizwa sauti za Kiingereza: binti wa kazi asiyejua kwamba ni mrithi, mama mkwe mwenye sumu, harusi inayokatizwa kanisani. Kuzitazama kwa lugha yake ya asili kumenifundisha kwamba waigizaji ni bora kuliko tulivyodhani, na kwamba hadithi ni dhaifu kama tulivyodhani. Mwaka 2007 Univision ilikubali kulipa dola milioni 24 baada ya vituo vyake kudai kuwa tamthilia ya vijana ilikuwa kipindi cha elimu kwa watoto, na wakati ule hakuna kampuni iliyokuwa imewahi kutozwa na FCC kiasi kikubwa namna hiyo.

Taarifa za habari za mjini, hasa ya saa kumi na mbili jioni na ya saa tano usiku, ni jambo jingine. Ubora wake hauko katika mandhari ya studio wala katika mavazi ya wasomaji. Uko katika maswali yanayoulizwa. Sheria mpya ya kodi ya nyumba ikipitishwa, kituo cha Kiingereza humhoji mwanasiasa. KMEX humhoji mwanasiasa, kisha mwanasheria anayeeleza mpangaji aende ofisi gani na abebe karatasi ipi. Habari ya uhamiaji haihesabiwi kuwa habari ya siasa za Washington, inahesabiwa kuwa habari ya nyumbani, kama mvua au bei ya petroli. Mwaka 2007 kituo kilikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya «¡Ya es hora!», yaani «Sasa ndio wakati», iliyowahimiza wenye ukaazi wa kudumu waombe uraia kabla ada haijapanda kutoka dola 330 hadi 595. Maombi ya uraia nchini kote yalifikia takriban milioni 1.4 katika mwaka ule wa fedha, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Ada iliwasukuma wengi, bila shaka, lakini mtu huwahi kupanda kwa ada pale tu anapokuwa ameambiwa, na ameambiwa kwa lugha anayoielewa.

Kasoro zipo pia. Matangazo ya biashara yamejaa mawakili wa ajali kiasi kwamba mgeni angedhani kila mkazi wa jiji hili amegongwa na lori. Picha za helikopta zikifuata gari linalokimbizwa na polisi, ugonjwa wa vituo vyote vya Los Angeles, hula dakika ambazo zingetumika vizuri zaidi. Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba kituo bado kinafikiri Kimexico. Los Angeles ina Wasalvador na Waguatemala wengi sana, na wamo pia watu wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, ambao lugha yao ya kwanza ni Kizapoteki, lakini mtangazaji husema Kihispania kilichonyooshwa, mechi inayopewa nafasi ni ya timu za Mexico, na El Salvador hutajwa zaidi inapopatwa na tetemeko au uchaguzi. Mtu wa Mombasa au Bukavu aliyezoea kusikiliza redio ya Kiswahili sanifu, akaelewa kila neno na bado asisikie nyumbani kwao, atajua ninachokisema.

Mpinzani wake mkuu, KVEA ya mtandao wa Telemundo, amekuwapo kwa Kihispania tangu mwaka 1985 na tamthilia zake ni za kisasa zaidi. Kwa usiku wa burudani ninahamia huko mara nyingi. Kwa habari sihami.

Anayetaka kukijaribu kituo hiki hahitaji usajili wala malipo ya mwezi. Mawimbi yanatoka Mlima Wilson, kaskazini mashariki mwa jiji, na antena ya ndani inayoelekezwa upande huo inatosha kwa maeneo mengi ya bondeni. Kwa mwanafunzi wa lugha, ninashauri aanze na utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu maneno yake hurudiwa kila siku na ramani humsaidia, kisha aongeze habari za mjini, na maandishi ya chini ya skrini ayazime baada ya mwezi wa tatu. Tamthilia aziache za mwisho.